Kuzaa si kazi, kazi ni kulea: Eleanor Rathbone na mama wa Isiolo

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hivyo ndivyo walivyokwisha kuamua wahenga wetu, na ni nadra kumpata msemaji wa Kiswahili asiyeijua methali hiyo. La kustaajabisha ni kwamba lugha hiyo hiyo iliyotupa methali ndiyo tuitumiayo kila siku kuikanusha. Mwulize mama wa mtaa wa Bulla Pesa mjini Isiolo, mwenye mtoto wa miezi mitano mgongoni, anafanya kazi gani, na yamkini atakujibu kwamba hana kazi, yuko nyumbani tu. Usiku kucha amenyonyesha. Alfajiri ameteka maji. Mchana amefua, amepika, ametafuta kuni na kumbembeleza mtoto mwenye homa. Hata hivyo, hana kazi. Neno hilo dogo, tu, limelifuta jasho lake lote.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya wanaisimu wasiokuwa na shughuli. Jina tulipalo jambo aghalabu ndilo huamua nani atalilipia na nani ataachiwa alibebe peke yake. Katika Kiswahili tuna maneno mawili yanayofaa kutenganishwa hapa: sadaka na posho. Sadaka hutolewa kwa huruma. Mtoaji hushukuriwa, na mpokeaji huinamisha uso. Posho ni kitu kingine kabisa. Tangu enzi za misafara ya wapagazi, posho ilikuwa chakula apimiwacho mtu aliye kazini ili aweze kuifanya kazi hiyo. Mpagazi hakuiomba posho, aliidai. Vibarua wa mashamba ya walowezi nao walipimiwa unga wa mahindi kuwa sehemu ya ujira wao, na ndiyo sababu kinu cha kusagia mahindi nchini Kenya kinaitwa kinu cha posho hadi leo. Basi fedha za umma apewazo mzazi maskini anayelea mtoto mchanga nyumbani, je, ni sadaka au ni posho?

Mtu aliyelipa swali hili karibu miaka thelathini ya maisha yake ni Bi. Eleanor Rathbone, mbunge wa Uingereza aliyefariki dunia mwezi wa Januari mwaka 1946. Kwao ni mtu mashuhuri. Kwetu hutajwa hasa na wanahistoria wa maisha ya Mzee Jomo Kenyatta, kwa sababu nitakayoieleza baadaye. Nimeona vyema kuyasimulia maisha yake leo kwa kuwa alilolipigania huko kwao linagusa moja kwa moja hali ya wazazi wa Isiolo, Garba Tulla, Merti na Oldonyiro.

Alizaliwa London tarehe 12 Mei 1872, katika ukoo wa wafanyabiashara matajiri wa Liverpool ambao baadhi ya wazee wake walikuwa wameipinga biashara ya utumwa wakati bandari yao ilikuwa ikinenepa kwa biashara hiyo. Baba yake, William Rathbone, alikuwa mbunge na mtu wa hisani. Mwaka 1859, mke wake wa kwanza alipofariki baada ya kuuguzwa nyumbani na muuguzi hodari, mzee huyo alimwomba muuguzi yule yule aende akawauguze maskini wa Liverpool majumbani mwao. Kutokana na hatua hiyo, na kwa ushauri wa Florence Nightingale, ulizaliwa mfumo wa wauguzi wa kuzunguka mitaani. Eleanor alikulia basi katika nyumba iliyotambua kwamba afya ya taifa, kwa sehemu kubwa, huamuliwa jikoni na kitandani, si hospitalini peke yake.

Mwaka 1893 alijiunga na Chuo cha Somerville huko Oxford, akasoma falsafa pamoja na Kigiriki na Kilatini. Alimaliza masomo mwaka 1896, lakini shahada hakupewa, kwani Oxford ya siku zile haikuwatunuku wanawake shahada. Mlango huo haukufunguliwa hadi mwaka 1920. Alirejea Liverpool akaanza kushughulika na madai ya wanawake ya haki ya kupiga kura na, pamoja na hayo, kuchunguza maisha ya maskini wa mji huo. Baba yake alipofariki mwaka 1902, alikwisha kuzoea kumsaidia katika uchunguzi wa namna hiyo. Mwaka huo huo alikutana na Elizabeth Macadam, mtaalamu wa huduma za jamii, ambaye alikuja kuwa rafiki na mwenzake wa kazi hadi mwisho wa uhai wake. Eleanor mwenyewe hakuolewa wala hakuzaa.

Uchunguzi uliomfunza zaidi ulihusu vibarua wa bandari ya Liverpool. Kila asubuhi wanaume walikusanyika kwenye vituo vya kuandikia watu kazi, msimamizi akawachagua awatakao, waliosalia wakarudi nyumbani mikono mitupu. Kazi ilikodishwa kwa nusu siku. Wiki moja mtu hupata kazi ya siku tano, wiki ya pili siku moja, wiki ya tatu hapati hata kidogo. Eleanor na wenzake walikwenda majumbani wakawaomba wake za vibarua hao waweke hesabu ya kila senti iliyoingia na kutoka. Matokeo yalichapishwa mwaka 1909. Yalionyesha kwamba ujira uliyumba, lakini tumbo la mtoto halikuyumba pamoja nao. Na aliyekuwa akilijaza pengo hilo ni mama, kwa kuweka nguo rehani, kwa kukopa na kwa kujinyima chakula chake mwenyewe.

Anayeijua Isiolo atautambua utaratibu huo mara moja. Kuna kibarua wa mjengo asiyejua kama kesho ataitwa. Kuna mama anayeuza mboga au chai, ambaye siku ya kujifungua ndiyo siku biashara yake inapofungwa. Kuna mfugaji ambaye mali yake yote i hai na inatembea, na kiangazi kikizidi huipeleka mbali kutafuta malisho. Wafugaji wa Kiborana wana neno lao kwa kundi hilo la mbali: fora. Mifugo inapokwenda fora, wakati mwingine hata wa maziwa huondoka nao, na waliobaki nyumbani ni wazee, akina mama na watoto wadogo. Kwa hiyo chakula cha mtoto huondoka kwa miguu minne wakati ule ule anapokihitaji zaidi.

Mwaka 1909 Eleanor alichaguliwa kuwa diwani wa Liverpool, mwanamke wa kwanza katika baraza la mji huo, naye alisimama bila chama. Mwaka 1913 alitoa taarifa kuhusu wajane waliotegemea sheria ya maskini. Mjane mwenye watoto alilazimika kwenda mbele ya wazee wa kamati kuthibitisha ufukara wake na mwenendo wake mwema, ndipo apewe kidogo ambacho hakikutosha. Eleanor aliona kwamba kosa halikuwa udogo wa fedha peke yake. Kosa lilikuwa katika jina. Mjane yule alikuwa akilea raia wa kesho, lakini nchi ilimpokea kama ombaomba.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, jambo lisilotarajiwa lilitokea. Ili wanaume wakubali kwenda vitani, serikali ya Uingereza iliwalipa wake zao posho ya kila wiki, iliyoongezeka kadiri ya idadi ya watoto. Eleanor aliongoza huko Liverpool shirika lililosimamia mambo ya jamaa za askari na mabaharia, na maelfu ya akina mama wakapita mikononi mwake. Hapo ndipo alipoyaona kwa macho yake aliyokuwa akiyawaza. Kwa mara ya kwanza fedha zilifika nyumbani kila wiki bila kukosa, zilikuwa mkononi mwa mama, na zililingana na midomo ya kulishwa. Nyumba ambazo wakati wa amani hazikuwa na uhakika wa mlo, sasa, baba akiwa vitani, zilikuwa na mkate na viatu vya watoto. Vita vilikuwa vimefanya bila kukusudia jaribio ambalo hakuna mtaalamu angaliruhusiwa kulifanya.

Hapa inafaa tusimame kidogo tujitazame sisi. Vita hivyo hivyo vilipiganwa Afrika Mashariki. Wapagazi wa jeshi, ambao jina lao limebaki katika mtaa wa Kariakor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam, walichukuliwa kwa mamia ya maelfu, na wengi wao walikufa kwa maradhi na njaa. Jamaa zao hawakuwekewa posho ya kila wiki kama ile ya Liverpool, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao kamwe. Na mji wa Isiolo wenyewe, kwa sehemu, ni zao la vita hivyo, kwani baadhi ya wakazi wake wa mwanzo walikuwa askari wa Kisomali waliowatumikia Waingereza na ambao, vita vilipokwisha, waliruhusiwa kukaa hapo na mifugo yao. Himaya ilikuwa moja, vita vilikuwa vimoja, lakini mlezi wa Liverpool alihesabiwa na mlezi wa kwetu hakuhesabiwa.

Mwaka 1917 Eleanor na wenzake wachache waliunda kamati ya kudai kwamba posho ile ya vita iendelee wakati wa amani, kwa akina mama wote. Mwaka 1919 akawa rais wa chama kikuu cha wanawake waliodai usawa wa uraia, akimrithi Bi. Millicent Fawcett. Kisha mwaka 1924 akatoa kitabu chake kikubwa, The Disinherited Family, ambacho jina lake laweza kufasiriwa kuwa familia iliyonyimwa urithi.

Hoja ya kitabu hicho ni nyepesi kuieleza, ingawa ilikuwa nzito kuimeza. Vyama vya wafanyakazi na waajiri walikuwa wakibishana juu ya mshahara utoshao familia, na wote walipiga hesabu kwa kumfikiria mwanamume mwenye mke na watoto watatu. Eleanor alichukua takwimu akaonyesha kwamba wanaume wenye watoto watatu wa kutegemea, wala si zaidi wala si pungufu, hawakufika hata mmoja katika kumi. Wengi hawakuwa na mtoto wa kulisha wakati huo. Wengine walikuwa na watano au sita. Mshahara mmoja hauwezi kumfaa kapera na mwenye watoto sita kwa pamoja. Tena mshahara ni wa mfanyakazi, unaingia mfukoni mwake, na yeye ndiye huamua kiasi gani kitoke humo. Mtoto na mama yake, kwa mujibu wa uchumi wa siku zile, walikuwa kama mzigo tu wa mwanamume, mfano wa tumbaku yake na kinywaji chake. Eleanor alitaka wahesabiwe kuwa watu, wenye fungu lao wenyewe katika pato la taifa.

Kenya ya kikoloni ilikwenda mbali zaidi katika dhuluma hiyo. Huko Uingereza mshahara ulidaiwa kuwa wa familia. Huku kwetu mshahara wa Mwafrika ulipimwa kwa mahitaji ya kapera, kwa dhana kwamba mkewe na watoto watajilisha shambani kwao. Ni mwaka 1954 tu ndipo kamati iliyoongozwa na Carpenter ilipokiri kwamba utaratibu huo haufai na kupendekeza mshahara utakaomwezesha mfanyakazi kuishi na familia yake. Lakini mfumo mzima ulikuwa umekwisha kusimama juu ya mgongo wa mwanamke asiyelipwa aliyebaki nyumbani kulea, naye bado amebaki hapo.

Wapinzani wa Eleanor hawakuwa wachache, na msomaji atazitambua hoja zao kwa kuwa hazijazeeka. Bi. Fawcett mwenyewe, ingawa walikuwa wamepigania kura pamoja, aliogopa kwamba posho ingewaondolea wazazi wajibu wao. Viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walihofu kwamba waajiri wangeitumia posho kuwa kisingizio cha kupunguza mishahara. Wengine walidai kwamba maskini wangezaa ovyo. Eleanor aliwajibu wote kwa hesabu na kwa subira. Alionyesha kwamba New Zealand ilipitisha sheria ya posho ya familia mwaka 1926, na kwamba Ufaransa, ambako waajiri walianzisha mifuko ya posho za watoto, iliiweka katika sheria mwaka 1932. Mmoja wa waliokisoma kitabu chake na kushawishika ni William Beveridge, aliyekuwa akiongoza chuo cha uchumi cha London; naye alianzisha posho ya watoto kwa wafanyakazi wa chuo chake. Mbegu hiyo ilikuja kuota baadaye.

Mwaka 1929 Eleanor aliingia bungeni, akiwakilisha vyuo vikuu vya Uingereza, tena bila chama. Mwaka huo huo yeye na mbunge mwenzake, Duchess wa Atholl, waliuleta bungeni mjadala wa tohara ya wanawake nchini Kenya, uliokuwa ukiwaka kati ya wamishenari na Wakikuyu. Mwaka 1930 kamati yao ilimsikiliza kijana Kenyatta, aliyekuwa London kwa niaba ya chama cha KCA. Yeye aliona kwamba njia ya kuibadilisha mila ni elimu, si amri ya serikali. Ndiyo sababu jina la Bi. Rathbone limo katika historia yetu.

Haifai kulipitia jambo hilo kwa kulipaka asali. Eleanor alikuwa na upungufu wa watu wengi wema wa himaya: alikuwa mwepesi kusema kwa niaba ya wanawake ambao hakuwa amewasikiliza. Wanawake wa India walimkabili waziwazi mwaka 1929 alipoitisha mkutano London kuhusu hali yao bila kuwashauri ipasavyo. Alijaribu kujirekebisha, akasafiri hadi India mwaka 1932 kukutana nao, lakini tabia ile haikumtoka yote. Nalitaja jambo hili kwa sababu lina funzo kwa yeyote atakayepanga misaada ya Isiolo akiwa Nairobi au Ulaya: mama ajuaye lini mifugo inarudi na lini maziwa yanakauka ndiye wa kuulizwa kwanza.

Katika miaka ya 1930 alitumia nguvu nyingi kuwatetea wakimbizi wa Hispania, wa Czechoslovakia na Wayahudi waliokuwa wakiwindwa na Wanazi. Wakubwa wa wizara walimwogopa bibi huyo mwenye mavazi meusi na mkoba uliojaa makaratasi, asiyechoka kuuliza maswali. Hata hivyo hakuiacha hoja yake ya kwanza. Mwaka 1940, mabomu yakitishia London, alichapisha kitabu kidogo cha bei nafuu kuifafanua upya. Mwezi wa Desemba 1942 Beveridge alitoa ripoti yake mashuhuri kuhusu hifadhi ya jamii, na posho ya watoto ilikuwa mojawapo ya nguzo zake.

Mswada uliletwa bungeni mwaka 1945, lakini ukiwa na kasoro moja: posho ilikuwa ilipwe kwa baba. Eleanor, akiwa na umri wa miaka 72, alitishia kuupigia kura ya kuupinga mswada alioungojea tangu Vita vya Kwanza. Aliona kwamba kumlipa baba fedha za kulea ni kusema tena kwamba mama na mtoto ni mali ya mtu mwingine. Wanawake wa vyama mbalimbali walimuunga mkono, serikali ikawaachia wabunge wapige kura kwa hiari yao, na neno baba likaondolewa, likawekwa mama. Sheria ilipitishwa mwezi wa Juni 1945. Ilikuwa na mapungufu: ilitoa shilingi tano kwa wiki, pungufu ya nane alizopendekeza Beveridge, na mtoto wa kwanza hakuhesabiwa. Eleanor Rathbone alifariki ghafla tarehe 2 Januari 1946. Akina mama wa Uingereza walianza kupanga foleni kwenye posta kupokea posho hiyo tarehe 6 Agosti mwaka huo huo. Yeye hakuiona siku hiyo.

Sasa turudi kwetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na inaitaka serikali iwasaidie wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya lishe, makazi na matibabu, na kinaliweka jukumu la malezi juu ya mama na baba kwa usawa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na baba wiki mbili. Hayo ni mema. Lakini mama wa Kinna anayechunga mbuzi, au muuza chai wa stendi ya Isiolo, ataomba likizo kwa nani?

Si kweli kwamba serikali haikufanya kitu. Mwaka 2004 ilianza kulipa fedha kwa nyumba zinazolea mayatima na watoto walio hatarini. Baadaye iliongeza wazee na wenye ulemavu mkubwa, na mipango hiyo ikaja kukusanywa chini ya jina la Inua Jamii, ambapo kiwango cha miaka mingi kimekuwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Mpango wa kukinga njaa ujulikanao kwa herufi HSNP ulianzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kisha ukapanuliwa hadi kaunti nyingine kame, Isiolo ikiwamo. Ila tazama majina ya walengwa: yatima, mzee, mlemavu, mwenye njaa. Kila mmoja anastahili. Lakini mtoto mchanga wa kawaida, ambaye wazazi wake wote wawili wako hai na wote wawili ni maskini, hana mlango wake katika nyumba hiyo. Mama yake hupata msaada kwa kuwa na balaa. Kwa kuwa analea tu, hapati.

Mlango huo umewahi kufunguliwa kidogo. Mpango uitwao NICHE, ulioanzia Kitui na kupelekwa kaunti nyingine kadhaa ikiwamo jirani yetu Marsabit, uliunganisha fedha na mafunzo ya lishe kwa wajawazito na wazazi wa watoto wadogo. Kisha, mnamo 2021 na 2022, serikali ikishirikiana na UNICEF na wafadhili wengine ilijaribu katika sehemu za Kajiado, Embu na Kisumu kumlipia kila mtoto wa chini ya miaka mitatu shilingi 800 kwa mwezi, bila kuwachuja wazazi wake. Hiyo ndiyo posho kwa maana yake halisi. Afrika Kusini ilikwisha kuanza mwaka 1998 kumlipa mlezi wa mtoto, awe mama, baba au nyanya, na ruzuku hiyo ikapanuliwa mwaka baada ya mwaka badala ya kuisha pamoja na jaribio.

Wako watakaosema kwamba nchi yenye madeni haiwezi. Tukumbuke kwamba Uingereza ilipitisha sheria yake ikiwa imefilisiwa na vita, na ilianza na kidogo. Tukumbuke pia kwamba kutolipa nako kuna gharama. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa kaskazini mwa Kenya. Mifugo ilikufa, na watoto waliodhoofika kwa utapiamlo wakahitaji vyakula vya tiba na vitanda vya hospitali. Fedha za umma zilitumika, ila zilitumika mtoto akiwa amekwisha kukonda. Mtoto hakui kwa msimu wa dharura. Miaka yake miwili ya kwanza haimngoji mfadhili atangaze mwito.

Wengine watasema kwamba posho huzaa uvivu. Sijui uvivu uko wapi kwa mtu anayeamka mara nne usiku. Kumpa muuza mboga mwenye mtoto wa mwezi mmoja uwezo wa kukaa nyumbani anyonyeshe hadi miezi sita, bila kulazimika kurudi sokoni wiki ya tatu na kumwachia binti wa miaka minane mtoto huyo, hakumfanyi mvivu. Kunamwezesha kuifanya vizuri kazi ambayo methali yetu imekwisha kuitambua, na binti yule naye hubaki shuleni.

Tujifunze mambo matatu basi kutoka kwa mzee huyu wa Liverpool. Kwanza, posho ihesabiwe kwa mtoto tangu kuzaliwa, isingoje mzazi athibitishe maafa. Pili, iingie mkononi mwa yule anayelea kwa kweli, awe mama, baba aliyefiwa na mke, au nyanya, na njia ya kuilipa iweze kumfuata hata akihama na mifugo kwenda ng'ambo ya Mto Ewaso Ng'iro. Tatu, ije kwa wakati. Fedha za Inua Jamii zimewahi kuchelewa kwa miezi, na posho inayochelewa miezi mitatu ni sawa na ule ujira wa bandarini: inayumba, ilhali tumbo la mtoto haliyumbi.

Bajeti za kaunti na za taifa huandikwa kila mwaka, na wananchi wana haki ya kisheria kutoa maoni yao kabla hazijapitishwa. Katika vikao hivyo Isiolo husikika zaidi habari za barabara, visima na masoko ya mifugo, nayo yote ni ya haki. Ingefaa safari hii wainuke pia akina mama wenye watoto migongoni, waulizwe na karani jina na kazi, nao wajibu bila haya kwamba kazi yao ni kulea. Karani akishaandika hivyo, serikali itakuwa na mfanyakazi wa kumwekea posho.